Huyu Wangu Hasikie

Siku yangu ya kwanza kwenye shule moja ya Gitambi, direkta, mkuu wa shule, alinikabidhi ufunguo wa kabati, rundo la fishi na watoto kumi na mmoja. Nilikuwa nimesomea elimu maalumu, yaani kufundisha watoto wenye ulemavu, na nilijiona mtu kwelikweli. Ninyi walimu mnaoanza leo, mjue fishi ilikuwa karatasi moja kwa kila mtoto: anaona vipi, anasikia vipi, akae darasa gani. Ikishapigwa muhuri, hakuna aliyeiuliza swali.

Mama mmoja alinijia na binti yake Vestine, wa miaka saba.

"Mwalimu, huyu wangu hasikie."

Nikacheka, nikidhani anasema mtoto hatii. "Maman, hata batoto bangu kule nyumbani habasikie!"

Naye akacheka kidogo, kwa heshima, akaondoka.

Hata hivyo kazi ni kazi. Nilifanya jaribio la makofi: unasimama nyuma ya mtoto, unapiga kofi, unaangalia kama atageuka. Nilimketisha akitazama ukuta. Mlango nyuma yetu ulikuwa wazi, na jua la asubuhi limejaa ndani. Nikapiga mara tatu, akageuka mara tatu. Nikaandika: Anasikia. Mkaidi.

Neno hilo la pili lilimtesa mwaka mzima. Akiitwa haji, akiambiwa kaa anasimama. Walimu walimpigisha magoti uani, nami nikimpita nasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" Darasa zima linacheka. Mwishowe direkta alichoka.

"Mwalimu, huyu mutoto anatuchokesha. Rudilia jaribio, weka sinyatiri pa fishi, arudie kwabo."

Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha, tukafunga mlango. Nikasimama nyuma ya Vestine, nikapiga kofi. Hakugeuka. Nikapiga mpaka viganja vikawaka moto. Mtoto alikuwa akifuata ufa wa ukuta kwa kidole, ametulia. Ndipo nilipoutazama ule ukuta. Siku ile ya jua, kivuli cha mikono yangu kilikuwa palepale mbele ya macho yake! Niliduwaa. Nikakaa sakafuni.

Nilimwita mama yake, nikamwomba msamaha huku nalia.

"Lakini mwalimu," akasema taratibu, "miye nilikuambiaka siku ya kwanza. Ukacheka. Nikasema basi, huyu alisoma, anajua."

Niliandika fishi upya, direkta akaisaini bila kunitazama. Vestine alibaki shuleni, tukajifunza lugha ya alama pamoja, yeye akiniacha nyuma sana.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza nakumbuka nini katika kazi ile, wakingoja nitaje vyeo na vituo. Nakumbuka kicheko changu.

Vestine ni fundi cherehani sokoni Kamembe. Jua likiwaka, nikimjia kwa nyuma hugeuka kabla sijamgusa, akatabasamu. Siku za mawingu nazunguka, nimjie kwa mbele.