Vipindi Hamsini na Viwili

Toshie Hamanaka alisimama mbele ya rafu ya katuni muda mrefu, hata mwenye duka akaanza kumtupia jicho. Theluji iliyomganda mabegani ilikuwa imeshayeyuka na maji yakamchirizika hadi viatuni. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na hakuwahi kukodi kanda ya video maishani mwake. Leo alikuwa ametumwa na bintiye. Nahoko, aliyelazwa hospitali tangu Januari, alimwambia asubuhi, "Mama, niletee *Safari ya Akatsuki*. Nataka kuiona tena." Hakusema ipi, na Toshie hakujua kwamba ziko zaidi ya moja.

"Ziko tatu, mama," alisema mwenye duka, Kudo, jamaa mwenye ndevu chache na sweta lililotoboka kiwiko. Alionekana kufurahi kuulizwa. "Kuna yenyewe, ile ya televisheni tuliyokua nayo. Vipindi hamsini na viwili, kanda kumi na tatu. Halafu kuna filamu: walivichukua vipindi vile vile wakavikatakata, ikabaki saa mbili na nusu. Halafu hii mpya, imechorwa upya mwaka jana. Inapendeza macho, lakini mpishi hayumo."

"Mpishi gani?"

"Mpishi wa meli! Akatsuki bila Gonta? Si bora uangalie ukuta?" Akacheka peke yake. "Anayeangalia ni nani?"

"Binti yangu. Amelazwa."

"Basi mpe ndefu, mama. Mgonjwa ana nini zaidi ya muda?"

Toshie akacheka kwa adabu, mkono ukiwa mdomoni, akasema atakwenda kumuuliza kwanza. Alitoka mikono mitupu. Nje, upepo wa mji wa Muroran ulikuwa ukitokea baharini na harufu ya kiwanda cha chuma, akashukuru kwamba katika baridi ile kila mtu machozi humtoka.

Mwezi uliopita daktari aliwaita yeye na mumewe, Yoshiharu, katika chumba kidogo kisicho na dirisha. Aliwaonyesha picha ya tumbo la Nahoko na kuwaambia kwamba kisu hakiwezi kufika kote ugonjwa ulikofika. Pengine angeiona theluji ikiyeyuka, zaidi ya hapo asingeweza kuahidi. Kisha akauliza, kama madaktari wa kwao walivyozoea kuuliza jamaa, kama mgonjwa aambiwe. Kabla Toshie hajafungua kinywa, Yoshiharu alishajibu: asiambiwe. Hakuna aliyeona ajabu. Mama yake Yoshiharu alikufa hivyo hivyo, na mzee Sugawara wa jirani pia, kila mmoja akiamini ana kidonda cha tumbo. Kwa hiyo Nahoko naye, akiwa na miaka ishirini na sita, akapewa kidonda cha tumbo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini walimsema mgonjwa. Hawakumsema mama anayemficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe. Toshie aliulinda uso wake kama mtu anayebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni. Alilia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tu, ambako mashine zilinguruma kuliko yeye.

Jioni ile, wakila samaki na wali, alimweleza mumewe habari za zile tatu. Yoshiharu alikuwa ametoka kazini, masizi bado yamo kwenye mikunjo ya shingo.

"Peleka ndefu," alisema.

"Anachoka baada ya nusu saa. Kipindi kimoja kwa siku, Baba Nahoko. Hamsini na viwili ni karibu miezi miwili."

"Sasa?"

"Sasa hatafika mwisho."

Yoshiharu aliweka vijiti vyake chini. "Mtu mwenye kidonda cha tumbo ana haraka gani? Ukimpelekea fupi, umeshamwambia."

"Ni katuni tu."

"Kwako ni katuni."

Toshie hakulala vizuri. Mama mkwe wake alikuwa akisema kwamba mtu akiondoka na jambo lililokatika nusu, roho yake hurudi kulitafuta, na maskini hajui aanzie wapi. Alimwona Nahoko akizungukazunguka katika korido za hospitali akitafuta kanda ya kumi na tatu. Asubuhi akapiga moyo konde. Alirudi dukani akachukua filamu, na Kudo akaguna, lakini akaifunga kwenye mfuko.

Wauguzi walikuwa wamesogeza televisheni na deki hadi chumbani. Hata chumba chenyewe, cha kitanda kimoja, Toshie alikiogopa, kwa kuwa hakuna aliyehamishiwa huko kwa habari njema. Nahoko alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni, vifundo vya mikono vimebaki mifupa.

"Umeloa kama mbwa, Mama. Mwavuli unamtunzia nani?"

"Upepo ulitaka kwenda nao, nikauzuia."

"Iko wapi Akatsuki?"

Toshie akatoa kanda moja. Nahoko aliingiza mkono kwenye mfuko wa mama yake kutafuta nyingine, akakuta tufaha. Alisoma jalada, akaligeuza, akalisoma tena.

"Hii ni filamu."

"Mwenye duka ameisifu sana."

"Basi afungiwe duka. Mama, hapa wamekata kule kukwama kote kwenye barafu. Vipindi kumi na saba meli haiendi popote, Gonta anapika tu na watu wanagombana. Kukwama ndiyo hadithi yenyewe."

"Ile ndefu imekodiwa."

"Kanda zote kumi na tatu? Na mtu mmoja?" Nahoko akaanza kucheka. "Muroran hii kuna kichaa mwingine kama mimi, na hukunitafutia mchumba?"

Toshie alichukua tufaha na kisu, akaanza kumenya. Ganda lilimkatikia mapema, jambo lisilomtokea kamwe. Aliposhika mwanzo mpya likakatika tena. Kicheko cha Nahoko kikapungua, kikaisha.

"Mama. Daktari aliwaambia nini?"

"Kidonda cha—"

"Cha tumbo. Najua. Bibi alikuwa nacho. Mzee Sugawara alikuwa nacho. Mtaa wetu una vidonda vingi." Aliiweka kanda juu ya blanketi, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. "Jina la ugonjwa sikuulizi. Nakuuliza vipindi vingapi."

Nje ya mlango mtu alipita na kigari cha chakula. Toshie alisubiri kipite. Sauti ya mumewe ilikuwa kichwani, na ya daktari, lakini aliyekuwa mbele yake akimtazama bila kupepesa ni huyu.

"Kama thelathini," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, "Labda ishirini na vitano."

"Usipunguze tena."

Nahoko akajivuta chini, akajifunika blanketi hadi kichwani. Toshie hakuthubutu kulifunua. Aliweka mkono juu ya mguu wake, juu ya blanketi, akauhisi ukitetemeka na kutulia na kutetemeka tena. Tufaha lililomenywa likaanza kugeuka kahawia kwenye sahani. Alitamani kusema neno, na kila neno alilolipata lilikuwa limeshatumika kwa uongo.

Baada ya muda sauti ikatoka chini ya blanketi. "Kipindi cha ishirini na tano watakuwa bado wamekwama."

"Basi tuanzie mbele, mwanangu. Tuchukue zile kanda za mwisho."

"Hapana. Niletee ya kwanza."

"Bibi yako alikuwa akisema, mtu akiacha kitu nusu—"

"Bibi alikuwa anaogopa hata paka." Nahoko akafunua uso. Macho yalikuwa yamevimba. "Baba asijue kwamba najua. Umesikia? Hatoweza kuingia humu tena."

Toshie akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amedhani akisema kweli mzigo utapungua. Ulihama bega tu.

Usiku huo Yoshiharu alimuuliza, "Ulipeleka ipi?"

"Ndefu. Kesho anaanza kanda ya kwanza."

"Hajashuku?"

"Hajashuku."

"Vizuri," alisema, akashusha pumzi, akamwomba chai.

Walikuwa kipindi cha kumi na mbili Jumapili ambayo Yoshiharu naye alikuja kuangalia. Nahoko alikuwa amepakwa rangi kidogo mashavuni, kwa ombi lake mwenyewe. Yoshiharu aliketi wima kwenye kiti kama mtu aliye kwenye mkutano wa kiwanda, mikono magotini. Kwenye kioo meli ilikuwa imebanwa na barafu pande zote, na mpishi mnene alikuwa akigawa uji huku akiwatukana mabaharia.

"Huyu mpishi mzuri," alisema Yoshiharu.

"Nilikwambia, Baba."

"Lakini hawaendi. Kila siku wako pale pale." Alimgeukia bintiye. "Mwishoni wanatoka?"

Toshie akashika kitambaa cha meza, akakikunja, akakikunjua.

"Utaona mwenyewe, Baba," alisema Nahoko. "Usiruke hata kimoja."