Mota Mbili za Waipa

Wifi yangu alikuwa na namna mbili za kutua ndoo. Ya watoto wake aliishusha taratibu. Ya kwangu aliibwaga mlangoni mpaka maji yakaruka, halafu akauambia ukuta: "Wengine kazi yao kuoga tu."

Sikumjibu, kwa sababu maji ya Newala yanatoka mbali na mimi siendi kuyateka. Polio ilinichukua miguu nikiwa mdogo. Baada ya wazazi kufariki nilibaki na chumba kimoja katika nyumba ambayo kaka alianza kuiita yake, na humo ndani nilitengeneza redio za watu kwa malipo. Nilikuwa na kiti cha magurudumu cha msaada, kizuri sana kwenye sakafu ya hospitali. Nje, yale magurudumu madogo ya mbele yalizama mchangani kabla sijafika barabarani, nami nikabaki nimeinama kama ninayetafuta sindano.

Siku moja nikamwambia kaka nataka kiti chenye mota na matairi makubwa, niende bombani mwenyewe na nirudi na madumu yangu.

Kaka alikuwa fundi wa malori. Alicheka, kisha akaona kwamba jambo lenyewe lingempatia sifa. "Niachie mimi," akasema.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na Masasi, ambako zamani ungezunguka mji mzima ukitafuta fyuzi, kulikuwa na maduka yaliyojaa spea za magari yaliyochinjwa nchi za watu. Kaka alinipakia kwenye lori, tukateremka hadi kwa mfanyabiashara mmoja kutoka bara. Nilikaa kwenye kiti changu katikati ya duka, magiaboksi yakiwa yamenizunguka.

"Mgonjwa anahitaji nini?" yule bwana akamuuliza kaka.

"Mgonjwa hayupo hapa," nikasema. "Mimi nahitaji mota mbili za waipa za lori, za volti ishirini na nne."

Bado alimtazama kaka. Kaka akatikisa kichwa. "Waipa inafuta mvua. Itabeba mtu? Tupe stata."

Nikamweleza palepale. Stata ina nguvu, sikatai, lakini imetengenezwa kuamsha injini kwa muda wa kusema bismillah, basi. Ukiiacha izunguke inakunywa betri na kuungua. Tena ukigeuza waya zake hairudi nyuma, inazidi kwenda kulekule. Waipa ina gia ndani yake, inazunguka polepole kwa nguvu, imezoea kufanya kazi siku nzima, na ukigeuza umeme inarudi.

"Mimi ndiye ninayefungua malori," kaka akasema, "au wewe?"

"Na mimi ndiye nitakayekalia."

Yule bwana alicheka, akampa kaka stata mbili na kumpigia hesabu. Tulipanda mlima wote wa kurudi Newala nikiangalia nje, na kaka akipiga mluzi.

Fremu aliifanya vizuri, siwezi kumnyima hilo. Aliichomelea kwa mabomba ya maji, akaweka matairi ya pikipiki nyuma na ya baiskeli mbele, na chini akatengeneza sanduku la betri mbili ambalo halikutikisika. Ningemshukuru kama angeishia hapo. Lakini alifunga stata zake, akaweka swichi moja ya kuwasha na kuzima, na Ijumaa watu walipotoka kuswali akawaita waje kuona. Wifi alijifunga kanga mpya.

"Kaka, hakina mwendo wa kati," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Ni kusimama au kuruka."

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Shingo ilirudi nyuma kama niliyepigwa kofi, na kiti kikaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa jiko la wifi. Nilipoachia swichi nilikuwa nimebanwa, magoti yangu kwenye matofali. Kaka akageuza waya za betri ili kinirudishe nyuma, akabonyeza. Kikanisukuma ukutani zaidi. Kelele yangu ilifuatiwa na vicheko, na walionitoa walilazimika kukiinua kiti pamoja na mimi. Wifi aliuliza nani atajenga jiko lake.

Kaka hakuniuliza kama nimeumia. Alisema, mbele ya watu wote, "Nilijua. Kitu kizuri ukimpa asiyekijua, anakiharibu."

Kesho yake nilishuka chini na spana, nikafungua stata zote mbili nikiwa nimelala ubavu, nikaziviringisha hadi mlangoni kwake. Zikakaa pale mpaka kuku wakazizoea.

Mara ya pili nilikwenda Masasi bila yeye, juu ya lori la korosho, nimekaa kwenye magunia, upepo ukipiga filimbi masikioni. Wapakiaji walinishusha wakaniweka juu ya kreti mlangoni kwa yule mfanyabiashara.

"Leo umekuja na nani?" akauliza.

"Na pesa. Lete mota za waipa, na betri ya kujaribia."

Alileta rundo, akitegemea nitachukua za juu. Nilizijaribu moja moja. Niliunganisha waya wa mwendo wa polepole, nikashika shafti kwa kitambaa na kuibana. Nyingine zilisimama mkononi mwangu kama mtoto aliyechoka; nikazirusha pembeni. Nyingine zilinguruma, maana yake gia imekwisha. Yule bwana alianza kukasirika, akisema naharibu bidhaa. Nikamwambia bidhaa iliharibika kabla haijapanda meli. Nilitaka mbili za lori la aina moja zinazozunguka sawasawa, kwa sababu kila mota ingeendesha gurudumu lake, na zikitofautiana kiti kingekwenda upande kama kaa. Nilipozipata alinitajia bei ya hasira. Nikaweka yangu mezani na kukaa. Wateja walipoanza kusikiliza, akaichukua.

Nyumbani kulikuwa na kazi mbili zaidi. Mota hizo zilikuwa zimezoea kutumia bodi ya gari kama waya wa kurudisha umeme. Ilibidi nizifungue na kuutenga waya huo na ganda, la sivyo zisingegeuzwa. Kisha kuzitawala. Nilianza na relei za honi, zile swichi zinazojifunga kwa umeme, zikawa zinalia tak na kunitikisa meno. Nikaziacha kwa kazi ya kugeuza mbele na nyuma tu. Mwendo niliutengenezea sakiti ya kuwasha na kuzima umeme upesi sana, upesi kuliko mota inavyoweza kutambua, kwa transista nene nilizozing'oa kwenye amplifaya zilizokufa. Nilizikaza kwenye kipande cha bati nene la aluminiamu zipoe. Seti ya kwanza niliiunguza kwa kugeuza kabla magurudumu hayajasimama. Harufu ilimfikisha wifi mlangoni.

"Utatuchomea nyumba."

"Nyumba ya baba," nikasema.

Minyororo na gia za baiskeli zilipunguza mwendo tena. Kiti hakikuzidi mtu anayetembea na mzigo. Lakini kilipita mchangani, kikazunguka palepale kiliposimama, na kikarudi nyuma kilipoambiwa. Nilikwenda bombani, nikasimama kwenye foleni kama wanawake wengine, nikarudi na madumu mawili. Siku hiyo nilioga mpaka nikachoka.

Kaka hakunipongeza. Gereji kwake, nikasikia, alikuwa anawaambia wateja ndiye aliyenitengenezea. Nilikwenda. Alikuwa chini ya gari. Nikasubiri atoke, nikamwambia mbele ya wateja wake, "Fremu ni yako, asante. Mota na umeme usivitaje tena."

Jioni hiyo akaniambia nitafute pa kukaa. Nikapanga chumba karibu na soko, na huko nikapata wateja zaidi, lakini sitadanganya kwamba iliniuma kidogo tu. Ilikuwa nyumba ya wazazi wangu.

Tulikutana mara moja mwaka ule, kwenye njia ya Kitangari, nje kidogo ya mji. Nilikuwa nimetoka kwa mteja, jua kali, mchanga umelegea, mota zimepata moto. Nilikuwa nimezima ili zipoe. Kaka akaja na pikapu, akapunguza.

"Limekufa?"

"Limepumzika."

"Nikupakie?"

"Hapana."

Alitazama mota kwa muda, zile za kufuta mvua. Nilimwona anataka kuuliza kitu, nami nilitamani aulize ili nimnyime jibu. Hakuuliza. Akatia gia akaondoka, vumbi lote likaniangukia mimi. Nilijifuta uso kwa ncha ya kanga, nikagusa ganda la mota ya kushoto, kisha ya kulia. Zilikuwa bado za moto. Nikakaa pale njiani nikimtukana mpaka zikapoa.