Uko Mutoto wa Nani

Katika darasa langu la maternelle, la watoto wadogo kabisa, hapa Baraka, watoto huanza na kitu kidogo kuliko herufi. Kabla ya kushika kalamu, mtoto hujifunza kusimama mbele ya wenzake na kusema jina lake, jina la baba yake na mahali wanapokaa. Siku ya soko, mtoto akipotea kati ya magunia ya mihogo, maneno hayo ndiyo yatakayomrudisha kwao. Kwa hiyo nawaambia wazazi: rudieni nyumbani, mtoto anaponawa miguu, majani ya sombe yanapotwangwa. Fanyeni kama mchezo. Akikosea, msimcheke.

Mwaka mmoja nilikuwa na msichana aliyeelewa haraka. Mara ya kwanza alisema jina la baba yake kwa sauti safi, nikamsifu. Siku chache baadaye alisema jina jingine, kwa sauti ileile. Wiki iliyofuata likaja la tatu. Mtoto aliyesahau husitasita, hutazama juu, hunyonya kidole. Huyu hakusita hata kidogo. Alikuwa amefanya mazoezi.

Hapo nikaanza kushuku. Mwanamke aliyemleta alikuwa akiuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Hakuingia kiwanjani kama wazazi wengine. Alisimama nje ya ua, beseni kichwani, na mtoto akishaingia, yeye alibaki. Mara nyingi niligeuka kutoka ubaoni nikamwona kupitia dirishani, ananitazama kutoka kule nje ya ua. Mitumbwi hufika hapa kutoka Kazimia na watu tusiowajua, nami nikajiuliza kama kweli alikuwa mama yake. Nilifika mahali pa kulinganisha masikio yao. Masikio hayakuniambia kitu.

Wakati wa mapumziko nilimwita mtoto pembeni. "Nani anakufundisha majina hayo?"

"Mama."

"Na la kweli ni lipi?"

Alinitazama kama mteja anayetazama samaki wa jana. "Mwalimu, unalitakia nini?"

Kesho yake mama aliingia kiwanjani kwa mara ya kwanza. Hakutua beseni.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Nani alikutuma?"

"Kunituma wapi, mama?"

"Kuuliza batoto majina ya bababa yabo."

"Ni somo, mama. Tunalifundisha kila mwaka."

"Somo. Na bale benye kukuja kwetu kule Misisi, nabo balikuwa banafundisha?"

Nikamwomba anieleze, naye akaeleza huku akiangalia lango. Mume wake alikuwa akichimba dhahabu Misisi. Siku moja mwanaume wa pikipiki alimsimamisha mtoto njiani, akampa andazi na kumuuliza: uko mutoto wa nani? Mtoto, kwa heshima aliyofundishwa, akajibu yote. Andazi lilikuwa halijaisha mkononi mwake wakati watu walipoingia uani kumtafuta baba, kwa sababu ya ugomvi wa shimo la dhahabu. Hawakumkuta. Tangu siku hiyo baba hajalala nyumbani, na mama akateremka Baraka na mtoto.

"Kama somo ni hilo," alisema, "mi namubakisha nyumbani. Atajua kuhesabu ndagala, itamutosha."

Nilimweleza taratibu habari za soko na watoto wanaopotea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Maneno yako iko muzuri, mwalimu. Hata ule wa pikipiki alisema muzuri."

Kweli, tulikuwa tumewafundisha watoto kujibu tu, si kuuliza. Nikamwambia, "Niachie mtoto kesho, siku moja tu. Wewe simama dirishani usikie. Usiporidhika, mchukue." Akaniangalia sana. Kisha akasema, "Nitasimama."

Kesho yake asubuhi nilibadilisha somo. Niliwaambia watoto kwamba mkubwa akikuuliza jina la baba yako, unakunja mikono kwa heshima, halafu nawe unamuuliza: na wewe, uko mutoto wa nani? Asiyetaka kusema lake, usimpe la kwenu. Kimbilia kwa mama yeyote mwenye meza sokoni. Walifurahi mno. Waliulizana wao kwa wao, wakamuuliza mbuzi wa mlinzi. Mmoja alilalamika: "Mwalimu, huyu hajibu." Nikamwambia basi naye asipewe jina.

Zamu ya yule msichana ilipofika, nikamuuliza. Alikunja mikono.

"Na wewe, mwalimu, uko mutoto wa nani?"

Nilimwona mama dirishani, amelishika beseni lake kichwani kwa mikono miwili. Na hapo mimi mwenyewe nikasita. Nilijiuliza mama huyu jina la baba yangu analitakia nini, na atakwenda kulisema wapi. Watoto walikuwa wakiningoja.

Nikalitaja. Nikataja na kijiji chetu, kwenye barabara ya kupanda Fizi, na nyumba yetu nyuma ya kanisa. Mtoto alisikiliza yote, akageuka dirishani. Mama akainamisha kichwa kidogo, kiasi ambacho beseni liliruhusu.

Mtoto akasema jina. Halikuwa lolote kati ya yale matatu.

Nje nilisikia sauti ya mama ikielekea sokoni, ikitangaza ndagala. Kesho yake mtoto alikuja, na dirishani hapakuwa na mtu. Kama jina lile la nne ni la kweli, sijui. Sijamuuliza tena.