Kuta Mbili za Matofali

Sokoni walimwita Mama Mchicha, ingawa alichouza zaidi ni nyanya. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuteka maji kwa pakacha: nyanya alizonunua zikiwa ngumu, kesho yake zilikuwa zimelegea, na kesho kutwa ni za kuku.

Mumewe alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno machache. Siku moja akaanza kujenga nyuma ya nyumba sanduku la matofali, kimo cha kiuno. Aliinua kuta mbili, moja ndani ya nyingine, akajaza mchanga katikati na kufunika juu kwa magunia. Mchanga ule ulimwagiwa maji asubuhi na jioni. Upepo ulipoyakausha, uliondoka na joto, na ndani pakabaki baridi kama ya mtungini. Majirani walicheka, wakauliza matofali yataota lini. Lakini nyanya zilizowekwa humo zikawa zinakaa wiki nzima bila kunyauka.

Kisha fundi akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, asiamke tena.

Siku chache baada ya maziko, mdogo wake marehemu alifika na mkokoteni na nyundo.

“Shemeji, nimefuata matofali,” alisema. “Kaka amejengea watu nyumba maisha yake yote. Yeye ndiye alale chini ya kichuguu cha udongo?”

Maneno yalimchoma Mama Mchicha, maana naye alikuwa ameyawaza. Alifunua gunia.

“Tia mkono, shemeji.”

Akatia, baridi ikampokea.

“Haya aliyajenga kwa ajili yetu tuliobaki,” Mama Mchicha alisema taratibu. “Ukiyabomoa, wanawe watakula nini? Kaburi lake nitalijenga, lakini si kwa haya.”

Shemeji aliondoka na mkokoteni mtupu, na tangu hapo akawa anapita upande wa pili wa njia. Mawifi nao walisema mjane huyu anapenda nyanya kuliko mumewe. Kuna asubuhi alimwagilia mchanga huku akilia, maji na machozi hayajulikani.

Mvua zilipokatika, mke wa shemeji alikuja na kapu la pilipili hoho zilizokosa mnunuzi.

“Dada, nafasi ipo?”

Mama Mchicha alisogeza nyanya zake pembeni. Shemeji mwenyewe bado hajaja. Kaburi bado ni la udongo, na magugu yake anayang'oa Mama Mchicha kwa mkono.