Nilinyamaza, Lemayani Akabeba Kosa la Amplifaya Yangu

Msinipe pole. Nasoma maungamo ya wengine hapa, naona watu wanaandika chini yake, "Pole sana, Mungu atakufanyia wepesi." Mimi msiniandikie hivyo. Nimemsingizia mtu asiye na kosa, kisha nikala ugali na kulala. Nitukaneni tu!

Jina langu lifichwe. Naandika polepole, shule yangu iliishia darasa la saba, lakini haya nimetaka kuyaandika mwenyewe.

Nilikuwa naishi na dada yangu, nimwite Mwanaidi, upande mkavu wa Handeni ambako nguzo za umeme hazijafika. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Mume hana. Ana shamba la mahindi ambalo mvua ikikataa halimpi kitu, na barazani ana paneli ya sola na betri moja kubwa. Watu wanaleta simu, anazichaji, tunapata unga na sabuni. Betri hiyo ndiyo iliyokuwa inatulisha.

Wateja wake wakubwa walikuwa wafugaji. Kijana wao, Lemayani, alikuwa anakuja na mfuko uliojaa simu za boma zima. Mimi ni mtu wa aibu, mgeni akifika nahamia nyuma ya nyumba. Lemayani alikuwa ananifuata hukohuko.

"Wewe bubu, toka! Unaongea kama simu yenye chaji asilimia moja."

"Niache."

"Haya, sasa umezima kabisa."

Nilikuwa nacheka mpaka nashika ukuta. Hakuna mtu mwingine wa nje aliyewahi kunichekesha hivyo. Mnaponihukumu, na hilo lihesabuni.

Ninachopenda ni muziki. Si wa baa wala wa harusini. Napenda kukaa chumbani nikasikia gitaa liko upande gani na mwimbaji anavuta pumzi wapi. Mjomba aliniachia spika mbili za mbao, zilikosa mashine ya kuziendesha. Nikapalilia mashamba ya watu, nikabeba matofali, mpaka nikaweza kwenda kutafuta amplifaya ndogo. Handeni mjini sikwenda kwa sababu wananijua. Nikapanda basi mpaka Korogwe.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, baba. Unataka ya shughuli au ya kusikilizia nyumbani?"

"Nyumbani."

"Mna umeme au sola?"

Hapo ndipo nilipokwama. Kulikuwa na vijana wawili wanachagua vifaa vya masikioni. Mmoja akatazama kandambili zangu zilizojaa vumbi, akasema, "Sola huyo, mama. Muangalie miguu!" Mwenzake akacheka.

Yule mama hakuwajali. Akashusha kiamplifaya kidogo kama kisahani cha sabuni, hakina taa hata moja. "Kama ni sola, chukua hii. Hailemei betri, na sauti yake safi. Kwa chumba inatosha na kubaki."

Nikaonyesha kwa kidole ile iliyo juu, pana, ina taa zinazokimbia na vishikizo vinavyong'aa.

"Ile inatumia umeme na betri pia," akasema, "lakini inakunywa, baba. Ile waachie wenye nguzo mlangoni."

"Muuzie kisahani, mama," yule kijana akadakia. "Kikiharibika ataweka sabuni."

"Nipe ile!" nikasema.

"Una uhakika?"

"Nimesema nipe ile!"

Sijawahi kupaza sauti mbele za watu. Siku moja tu nimeipaza, na nimeipaza kwa upumbavu!

Nyumbani dada aliitazama, akanitazama na mimi. "Taa zote hizi za nini? Unafungua baa?"

"Ya kusikilizia tu."

"Sikiliza. Ila upitishie kwenye kontrola. Betri yangu usiiguse."

Kontrola ni kile kiboksi cha ukutani kinachokata umeme betri ikichoka, isije ikafa. Basi nikapitishia hapo. Besi ikigonga, kiboksi kinakata. Nawasha, besi inagonga, kinakata tena. Nikaitukana paneli, nikakitukana kiboksi, nikamtukana hata yule mama wa Korogwe aliyeniambia ukweli.

Kisha dada akaitwa msibani Kabuku. Akaniachia kazi ya kuchaji simu za watu. Vumbi la bodaboda iliyombeba halijatua, mimi nimeshachomoa nyaya kwenye kontrola na kuzifunga moja kwa moja kwenye vichwa vya betri.

Ikalia! Jamani, ikalia asubuhi mpaka jioni, taa zinakimbia, kuku wanakimbia. Na niwaambie, haikuwa hata nzuri. Spika za mjomba zilikuwa zinakwaruza kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga. Gitaa sikulisikia. Lakini sikupunguza. Nilikuwa nawajibu wale vijana wa dukani, na wao wala hawakuwepo.

Lemayani akaja na mfuko wake. "Bubu, punguza! Ng'ombe wetu watazaa kabla ya siku zao."

Nikamwambia achomeke simu mwenyewe. Akachomeka, akakaa kusubiri. Alipozichomoa, nyingi hazikuwa zimefika hata nusu.

"Hiyo mashine yako inakula simu zetu," akasema.

"Kama hutaki, peleka kwingine!"

Akanitazama, akaondoka bila utani.

Kabla dada hajarudi, betri ikafa. Simu hazichaji, taa ya ukumbini haiwaki. Nilingoja jua likawa kali, paneli ikapokea, betri haikupokea kitu. Nikarudisha kila waya kwenye kontrola vizuri kabisa. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Mnaosema mwenye kosa hutetemeka, mimi sikutetemeka.

Dada alirudi, akabonyeza swichi ya taa, akabonyeza tena.

"Betri imefanya nini?"

"Sijui."

"Nani ameigusa?"

"Lemayani alichomeka mwenyewe."

Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja ni uongo mtupu. Dada akauliza, "Alichomeka kwenye betri?" Nikainamisha kichwa. Akaelewa alivyoelewa.

Lemayani alipokuja na mfuko, dada alimpokea uani kwa maneno ambayo sikujua kwamba anayajua. Alimwita mharibifu, akamwita mwizi wa chaji. Jirani yetu Mzee Mhando, ambaye ng'ombe waliwahi kuingia kwenye mahindi yake, alikuja akipunga fimbo.

"Nilisema mimi! Wamemaliza mahindi, sasa wamehamia kwenye betri!"

Watoto wakacheka. Lemayani hakumjibu mzee wala dada. Alinigeukia mimi.

"Sema wewe. Hii betri nimeigusa?"

Nikatazama chini.

"Sema! Leo sikutanii. Sema!"

"Muache mdogo wangu!" dada akafoka.

"Unamwonea mtoto wa watu," Mzee Mhando akasema. "Unajua kabisa kwamba hawezi kuongea mbele za watu."

Ndivyo nilivyookoka! Wote waliuona ukimya wangu, na wote wakaona ni ile aibu yangu ya kila siku. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena. Ningeweza kusema. Siku ile ulimi wangu ulikuwa mwepesi kabisa, nauhisi mdomoni. Niliuficha nyuma ya upole wangu, kama mtu anavyojificha nyuma ya mlango.

Baba yake Lemayani alikuja baadaye, betri mpya imefungwa nyuma ya pikipiki. Dada akamwamkia, akaitikia. Akaletewa maji, akayakataa.

"Kijana wangu anasema hakuharibu, na mimi namwamini," alisema. "Lakini maneno yamekuwa mengi, fimbo zimeanza kutoka. Sitaki watu waumizane kwa ajili ya betri. Nimeuza mtamba wake."

Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Lemayani alikuwa na huyo mmoja tu wa kwake, wa kuanzia maisha.

Baba yake akaondoka. Hakuna mfugaji aliyeleta simu tena. Ikawa betri inajaa kabla ya mchana, mpya kabisa, na barazani hakuna mtu. Dada anakaa pale anaitazama, anasema, "Watu wabaya hawa! Mama yake nimekutana naye lamboni kuchota maji, salamu yangu hakuitikia." Kila siku anaongeza tusi jingine. Dada yangu ambaye alikuwa anampakulia Lemayani ugali kwa mkono wake! Mimi nipo pembeni, nameza tonge.

Siku moja akasema akimwona Lemayani karibu na nyumba atamwita Mzee Mhando na vijana wake. Hapo niliogopa. Wale vijana wana mapanga.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Betri niliiua mimi. Niliifunga amplifaya moja kwa moja."

Alinizaba kofi. Halafu akakaa chini kwenye vumbi, kanga imemwanguka begani, asiiokote. Aliponyanyuka alisema neno moja tu: "Twende."

Tulikwenda mpaka kwenye boma la kina Lemayani tukiwa na ile betri. Nikayasema yote mbele ya baba yake na mama yake na wadogo zake. Lemayani alinisikiliza amesimama.

"Mbona siku ile hukusema?"

"Niliona aibu."

"Aibu?" Akacheka, lakini kicheko hicho sikukijua. "Mimi nimeitwa mwizi mbele ya watoto, halafu wewe ndiye uliyeona aibu?"

Akachukua fimbo, akaenda kwa ng'ombe. Nilimwita, hakugeuka.

Baba yake alisema betri turudi nayo, kwake haina kazi, na mtamba keshauzwa harudi. Dada akaomba msamaha mpaka sauti ikamkauka. Mama mtu alimshika mkono. Mimi hakuna aliyenishika, na ingekuwa uonevu kama wangenishika.

Njiani dada alisema, "Utarudi kwangu siku Lemayani atakapokuja na kusema urudi. Kabla ya hapo sikujui." Sasa nipo Korogwe, nabeba mizigo sokoni. Amplifaya nilimwachia dada auze, alipe atakachoweza katika bei ya mtamba. Lemayani hajaja.

Sasa nisikilizeni. Unayetafuta amplifaya ya nyumbani, tazama kwanza umeme wako, halafu tazama spika zako. Usitazame taa. Muuzaji akikuuliza unatumia nini, mjibu, hata kama dukani wamejaa wajinga wa kukucheka. Wale utawaacha palepale dukani. Betri utaikuta nyumbani.

Na ninyi mnaopenda kusema, "Yule ni mpole, hawezi kudanganya," acheni hiyo tabia! Mpole akiinamisha kichwa, msimjibie. Mnyanyueni uso, mkae kimya wote, mumngoje mpaka aseme mwenyewe. Wangeningoja mimi kidogo tu siku ile, ningesema.