Harusi ya kabalagala enzi za maduka matupu, na uongo niliomwambia shangazi wa mke wangu

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Nimesoma uzi wa yule bwana harusi anayelia kuwa bei ya catering imemshinda, nikaona nilete ya kwangu. Sitatia chumvi, maana baadhi ya waliokuwepo bado wako hai na wana bando.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Maduka ya Musoma mjini yalikuwa na rafu na muuzaji, basi. Mchele, sukari, ngano, mafuta ya kula, vyote ulivisikia kwa watu tu.

Mimi nilikuwa mwalimu, kwetu Mugango, kando ya ziwa. Mchumba wangu Ester kwao ni upande wa Bunda, wakulima wa pamba na watu wa ng'ombe. Wazazi wake walifariki mapema, akalelewa na shangazi yake aitwaye Wakuru. Bila baraka ya huyo mama hakuna ndoa.

Sharti lake lilikuwa moja.

"Sisi samaki hatulagi. Mkituwekea samaki, tunapanda lori letu tunarudi."

Hakuwa anatania. Kwa wazee wa kwao samaki na nyoka walikuwa ndugu.

Mama yangu akasema hakuna shida, wageni wa Bunda watapikiwa mbuzi kwenye sufuria zao, zisizogusa samaki. Vingine vyote tutaandaa mapema sisi wenyewe, kidogo kidogo.

Tulichagua mwezi wa nane, mavuno yameshaingia na jua ni la kukausha. Akina mama wakaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu. Siku ya shughuli unachemsha tu, unamwagia karanga za kutwanga. Hiyo nawapa bure, na hadi leo inafanya kazi.

Cha kutafuna na chai ya tangawizi kikawa kabalagala. Unakanda unga wa muhogo na ndizi mbivu, unakaanga. Hazidai sukari wala ngano, na ukizihifadhi vizuri kwenye kapu zinakaa siku tatu.

Zinadai mafuta tu. Ambayo hayakuwepo.

Sasa, wakati ule sangara alikuwa bado mgeni kwetu. Wengi hawakumtaka, mafuta mengi mno. Mama alijaribu kumbanika kwa ajili ya wageni wa upande wetu, mafuta yakadondokea moto, moto ukapanda, nusu ya samaki wakawa mkaa. Mtu mwingine angelia. Mama aliangalia yale mafuta, akasema, "Kumbe tunayo."

Akayeyusha mafuta ya tumboni kwenye sufuria, akatia majani ya mlimao na tangawizi, akachuja kwa kitambaa. Kabalagala zikatoka za dhahabu. Nilionja, nikaona hakuna atakayejua.

Nilimuuliza, "Na watu wa Bunda?"

"Huyo si samaki, ni mafuta," akasema. Nikakubali kwa sababu nilitaka kukubali. Ester hatukumwambia.

Siku ikafika. Lori likashusha watu wa Bunda, wakakaa upande wao, chai ikaja na makapu. Hakuna aliyegusa kitu kabla ya Shangazi Wakuru.

Akamega. Akatafuna taratibu sana. Akaniita.

"Mkwe wangu, hizi mmekaangia nini?"

Wakuu, nilikuwa na nafasi ya kusema. Mbuzi alikuwa tayari, angeweza kula mbuzi wake akaacha kabalagala. Lakini niliogopa lile lori.

"Mafuta ya pamba, Shangazi."

Akaniangalia kidogo. Akamaliza ile, akachukua ya pili. Hapo ndipo watu wake wote wakaingiza mikono kwenye makapu. Jikoni tulicheka mpaka machozi.

Mwaka uliofuata tulikuwa tumepanga chumba Mukendo, pale Musoma mjini, Ester akajifungua, na Shangazi akaja kumwangalia mtoto. Jioni moja nikaona tumeshazoeana, nikaamua kumtania.

"Shangazi, unakumbuka zile kabalagala za harusi?"

"Nakumbuka. Za samaki."

Ester akaacha kukunja nepi.

"Pamba tunalimaga sisi, mwalimu. Mafuta yake unataka kunifundisha wewe?"

"Sasa mbona ulikula?"

"Ningetema, lori zima lingetema. Harusi ya mtoto wangu ingeishia pale." Akamweka mtoto begani. "Nilijua kabla sijakuita. Nilikuuliza nione nimempa nani mtoto wangu."

Niliomba msamaha. Akasema amesamehe, na naamini alisamehe kweli. Lakini alikaa nasi mwezi mzima, na kila nilipomwambia jambo, hata kwamba maji yamechemka, alimgeukia Ester kwanza.

"Ni kweli?"

Niliona aibu, na nikiandika hapa bado naiona.

Funzo langu ni dogo. Harusi ya bei nafuu inawezekana kabisa: anikeni, kaangeni mapema, pikeni wenyewe. Ila mgeni akiuliza kuna nini ndani ya chakula, mwambie, hata kama amekuja na lori.

Ester amesoma juu ya bega langu, anasema nimeruka kipande. Haya: baada ya Shangazi kuondoka, Ester naye aliendelea kuniuliza "Ni kweli?" kwa kila jambo, kwa miaka mingi.

Nyie mlioa au kuolewa miaka ile mlilisha wageni nini? Na aliyewahi kumdanganya mkwe akapona, aje atuambie alifanyaje.