Kisu Juu ya Jiwe

Kisu cha kwanza nilichonunua kwa pesa yangu kilinitia aibu kabla sijakikatia hata nyanya. Nilikinunua Kitale, kwa mchuuzi aliyetandaza bidhaa zake juu ya gunia karibu na stendi. Kilikuwa cha kukunja, chenye kitufe. Ukibonyeza, chuma kinaruka nje kama ulimi wa kinyonga. Nilibonyeza mara nane palepale. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepata kazi ya kukusanya mbegu za miti ya asili katika msitu wa Mlima Elgon, na tayari nilijiona mtu wa porini.

Mwajiri wangu alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya misitu na kufungua kitalu cha miche nje kidogo ya mji. Alikitazama kisu changu bila kukigusa.

"Msichana, hii ni ya kukata matawi ama ya kudunga mtu?"

Nikamwambia ni ya kazi. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba polisi hawaulizi kisu tu. Wanauliza ni kisu cha namna gani, unakwenda nacho wapi, na unakwenda kufanya nini. Kinachoruka kwa kitufe, chenye ncha kali, kinajijibu chenyewe, na jibu lake ni seli. Cha kazi yetu kiwe kifupi, makali upande mmoja, ncha butu. Kikae ndani ya ala, na ala ikae ndani ya begi pamoja na kamba na magunia. Siku ambayo huna kazi, kibaki nyumbani. Akaniandikia barua ya kuonyesha nikisimamishwa.

"Kuja Jumatatu na kisu ya maana, kabla ya saa sita," akasema. "Bila hiyo nachukua mtu mwingine. Hii kazi inatakwa na wengi."

Kisu cha maana nilijua kinakopatikana. Shida ni kwamba kilipatikana kwa baba yangu.

Baba alikuwa mhunzi huko kwetu Bokoli, na alijulikana mpaka Chwele na Myanga kwa kitu kimoja: visu vya tohara. Visu vile havikuguswa na mwanamke, na kibanda chake hakikukanyagwa na mwanamke. Sijui kwa wengine. Kwetu ilikuwa hivyo. Palikuwa na jiwe bapa, hatua kama kumi kutoka mlango wa kibanda. Tangu nilipoweza kubeba kikombe bila kumwaga, nilimwekea uji juu ya jiwe lile, nikageuka, nikaondoka. Alitoka kuuchukua nikiwa nimeshampa mgongo. Nyundo yake niliijua kuliko sauti yake.

Lakini kabla ya kugeuka nilikuwa naiba dakika moja. Kipande cha springi ya lori kiliingia motoni kikiwa takataka, kikatoka chekundu, na Baba akakipiga taratibu, bila hasira, mpaka kikakubali kuwa kitu kingine. Nimeona mengi tangu wakati ule, nimesimama chini ya miti ambayo watu watano hawaizungushii mikono, na bado sijaona jambo la kunishangaza kuliko lile. Nilikuwa nasahau kufunga mdomo.

Mwaka ule ulikuwa wa tohara, ambayo kwetu huja mwezi wa nane kila baada ya miaka miwili, na njuga zilikuwa zikilia kwenye kila njia. Ijumaa nilipeleka uji, na safari hii sikuondoka. Baba akatoka, akanikuta bado nimesimama.

"Baba, naomba kisu. Cha kazi, kifupi, ncha butu."

"Mwaka huu?"

"Wananitaka nacho Jumatatu."

"Mwaka huu mkono wangu ni wa watoto wa watu," akasema. "Siwezi kuchanganya." Akachukua kikombe, akaingia ndani.

Nilikasirika vibaya. Mimi nikikasirika huwa nalima, basi Jumamosi asubuhi nikaenda kuchukua jembe langu ukutani, nikalikosa. Nikawalaumu kaka zangu wote mmoja mmoja, hata yule aliyekuwa Nairobi. Mchana nikalikuta limerudi mahali pake, mpini una masizi pale ninaposhikia. Nikayafuta kwa nyasi, nikaendelea kununa. Jumapili, siku ambayo Baba hakuwahi kugusa nyundo, niliisikia ikilia nilipokuwa natoka kanisani. Nikajiambia, mwaka wa tohara una haraka zake.

Jumatatu nilipeleka uji kwa mazoea tu, begi mgongoni, nikiwa nakwenda Kitale kuomba msamaha. Juu ya jiwe palikuwa na kisu ndani ya ala ya ngozi.

Baba hakuonekana. Kwetu kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Anayetoa hukiweka chini, anayepokea hukiokota. Kwa hiyo sikushangaa kwamba kiliwekwa juu ya jiwe. Nilishangaa kwamba kilikuwepo. Barabarani pikapu ya vitunguu iliyokuwa inipe lifti ilikuwa inapiga honi, basi nikaishika ile ala, nikaitumbukiza begini, nikaweka kikombe, nikakimbia.

Kabla ya kufika Kitale tulikuta kizuizi cha polisi. Ng'ombe walikuwa wameibwa mahali, na kila begi lilifunguliwa. Aliyefungua langu alikuwa mtu wa kwetu. Ungemtambua alipofungua mdomo, l zake nyingine zikitoka r.

"Ala, madam! Hii ni nini?" Kisha akaona mikato mitatu kwenye kitako cha mpini, akarudi nyuma hatua moja. "Hii arama naijua. Ni ya yule mzee wa Bokoli. Mimi mwenyewe niritahiriwa na kisu yake. Sasa wewe mwanamke unabeba hii? Umeibia mzee?"

"Ni babangu, afande. Amenipa."

"Hawezi kukupa. Hata kama ni babako." Alikuwa ameogopa, na mtu mwenye bunduki akiogopa si mzaha. "Kisu inabaki hapa, na wewe unaenda kituo mpaka mzee aitwe."

Nikampa barua. Akaisoma kwa kusogeza midomo. "Barua inasema kisu ya kazi. Hii si ya kazi."

Hapo ndipo mimi pia nilipoanza kuogopa, kwa sababu sikuwa nimekichomoa. Kama Baba alinipa kimoja cha vile vyake, nilikuwa nimepoteza kazi, na labda nilikuwa nimetenda jambo lisilosameheka.

"Kiangalie, afande," nikasema.

"Weka chini."

Nikakitoa begini, nikakiweka juu ya lami. Akachuchumaa, akakichomoa polepole. Chuma kilikuwa kifupi kama kidole changu cha kati.

"Haina ncha," akasema. Akakigeuza. "Makali ni upande moja. Ile ya tohara huwa na pande mbiri." Akakikamata vizuri, na nikaona uso wake unabadilika. Kidole chake cha mwisho kilikuwa nje, kinaning'inia. Mpini wa mpera ulikuwa umechongwa vishimo vya vidole, na vidole vyake vinene havikuingia hata kimoja. Akajaribu tena. Wenzake wawili wakaja kutazama.

"Hii si ya mkono ya mwanaume," akasema kwa sauti ya mtu aliye kanisani. Akakiweka chini, si mkononi mwangu. "Hebu shika."

Nikakiokota. Kila kidole kikaenda kwake, kama kilichorudi nyumbani.

"Mzee arikupima mkono rini?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo nimwambie hajawahi kunipima, hajawahi hata kunishika mkono. Kisha nikakumbuka masizi kwenye jembe langu, mahali ambapo vidole vyangu vilikuwa vimeula mpini kwa miaka. Afande akakunja barua yangu vizuri, akanirudishia, akasema nipande gari nisichelewe.

Nilikaa juu ya magunia ya vitunguu nikilia, na dereva akadhani ni vitunguu. Miaka yote ile nilikuwa naweka uji juu ya jiwe na kugeuka, nikidhani kwamba kati yetu wawili ni mimi tu niliyekuwa nikitazama.